Vyura wa Kihansi: Safari ya Kwenda New York na Kurudi

Desemba mwaka wa 2015, binti yangu alirejea kutoka kwa nyanya yake huko Kakamega akiwa amepakata mkebe wa mafuta ya kupikia uliofunikwa kwa kitambaa na kukazwa kwa uzi. Ndani ya mkebe huo mlikuwa na chura mdogo wa kijani aliyemnasa kwenye mgomba. Alikuwa amemtilia maji ya mfereji hadi nusu, akamwekea mawe mawili "ya kupumzikia", na konzi ya mchwa kuwa masurufu ya njiani. Kutoka Kakamega hadi Nairobi kwa basi ni safari ya kutwa nzima. Mkebe ulikaa dirishani, upande wa jua. Tulipoufungua jikoni jioni hiyo, chura alikuwa amelala chali.

"Nimekosea wapi, Baba?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa kutembea na kuandika, sikusomea mambo ya wanyama. Mamake alimtuliza, tukamzika chura yule nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, na mambo yakaisha. Lakini swali lenyewe halikuisha. Mwaka uliofuata, nilipojikuta Dar es Salaam kwa shughuli nyingine kabisa, nilikata tikiti ya gari moshi la TAZARA hadi Mlimba. Nilikuwa nimepata habari kwamba milima ya upande ule ndiyo kwao vyura waliosafiri mbali kupita chura yeyote wa Afrika Mashariki niliyewahi kumsikia. Walitoka bondeni kwao wakapelekwa hadi New York, na miaka kumi baadaye vizazi vyao vikarudi.

Reli ya TAZARA, ambayo Wachina walisaidia kuijenga kati ya 1970 na 1975, huenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Msomaji ambaye hajaipanda ajue kwamba sehemu yake ya mwanzo hukatiza mbuga, na abiria aliye macho huweza kuona twiga na pofu bila kulipa hata senti ya kiingilio. Kisha milima ya Udzungwa hujitokeza upande wa kulia, na upande wa kushoto hutandaa bonde la Kilombero lililo tambarare kama meza na kijani kwa mpunga. Kila stesheni wachuuzi huja mbio na ndizi, miwa na sahani za wali. Mchele wa Kilombero umesifiwa sana, na sifa hizo si za bure. Nilikula sahani mbili Ifakara na nikajuta kutonunua ya tatu.

Katika behewa letu mlikuwa na mzee mmoja aliyevaa kofia ya kiua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako kimetoka Nairobi hicho."

Nilikubali kosa. Akaniuliza kama nakwenda Mlimba kununua mpunga. Nilipomwambia kwamba nakwenda kuona kwao vyura, behewa zima lilicheka.

"Vyura wale wamepanda ndege," mzee alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Mimi na mvi zangu hizi sijapanda hata mara moja."

Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto aliongeza kwamba huko kijijini kwao, wakati ule, hata taa hazikuwa zimefika. Hakucheka aliposema hivyo, na baada ya hapo behewa lilinyamaza kidogo. Ni vyema msomaji ayaweke maneno ya mama huyo akilini, maana kisa chote cha Kihansi kiko kati ya taa na chura.

Mto Kihansi hutiririka kutoka nyanda za juu za Udzungwa, na ufikapo ukingo wa milima huporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Kwa maelfu ya miaka maji hayo yalijipiga kwenye miamba yakatoa manyunyu mchana na usiku, masika na kiangazi. Chini ya maporomoko palikuwa na vijipande vya majani mafupi na ukoka vilivyolowa daima, na ukivijumlisha vyote havikuzidi sana hekta mbili. Hicho ni kiasi cha viwanja vitatu hivi vya kandanda. Katika hekta hizo, na si kwingineko duniani, aliishi chura wa Kihansi.

Wataalamu walimkuta mwaka wa 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliokuwa ukifanywa kwa sababu ya bwawa la umeme. Ni kiumbe mdogo wa rangi ya manjano ya dhahabu. Jike mkubwa hafiki sentimita tatu, na dume hutoshea juu ya kucha ya kidole gumba. Tena hatagi mayai majini kama vyura tuwajuao. Mama hujifungua watoto wazima, kila mmoja wa kiasi cha milimita tano, wenye miguu yote minne. Milima hii ina mazoea ya kuficha viumbe vya namna hii. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia hapa kwetu Taita na kushuka hadi kusini mwa Tanzania. Huko Taita pia yuko chura wake asiyepatikana kwingine, ambaye wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka wa 2009 tu.

Lakini alipogunduliwa huyu wa Kihansi, bwawa lilikuwa tayari linajengwa. Mtambo wenyewe ni wa megawati 180. Maji huchukuliwa juu mlimani, hupitishwa katika handaki ndani ya mwamba, na kuteremka zaidi ya mita 800 hadi kwenye mashine. Kwa nchi iliyokuwa ikikatiwa umeme kila kiangazi, hiyo ilikuwa neema kubwa, wala sioni haki ya mtu wa Nairobi, anayewasha taa kwa kidole, kuibeza. Hata hivyo maji yaliyoingia handakini hayakupita tena kwenye maporomoko. Mtambo ulipoanza kazi, kati ya 1999 na 2000, mto ulipoteza karibu sehemu tisa kwa kumi za maji yake pale bondeni. Manyunyu yakakoma. Majani yakaanza kukauka.

Basi mwishoni mwa mwaka wa 2000, vyura 499 walikusanywa bondeni mle na kupelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Msomaji na atafakari. Kutoka kwenye bonde la joto na umande hadi kwenye jiji ambalo mwezi huo huwa katika baridi kali. Wasafiri ni viumbe ambao ukiwaacha juani dakika chache wamekwisha.

Hapa ndipo nilipopata jibu la binti yangu, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu najua nyumba nyingi zina mtoto wa namna yake.

Chura hanywi maji kwa kinywa. Huyanywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya pumzi yake. Kwa hivyo kila kinachomgusa humwingia. Dawa ya klorini iliyo katika maji ya mfereji humwingia. Chumvi ya jasho la kiganja, sabuni na mafuta ya kujipaka humwingia vilevile. Wanaofanya kazi hii huvaa glavu zilizoloweshwa kwa maji safi, au hawamshiki kabisa: humfunika kwa kikombe na kumtelezesha ndani ya chombo. Maji yanayotumiwa ni ya mvua au yaliyochujwa vizuri.

Chombo chenyewe ni kidogo kuliko unavyodhani. Mtu humwonea chura huruma akampa sanduku kubwa apate nafasi, kumbe nafasi hiyo ndiyo ya kumrusha huku na huku basi linapopita kwenye mashimo. Kikopo cha plastiki chenye kifuniko na vitundu vichache vidogo kinatosha, na wale wakubwa au wakali hutiwa mmoja mmoja ili wasikanyagane. Ndani hamtiwi maji. Hutiwa ule ukoka laini unaoota juu ya miamba yenye unyevu, au karatasi nyeupe ya shashi isiyo na manukato, iliyoloweshwa na kukamuliwa. Chura hujichimbia humo akatulia. Maji yaliyosimama humzamisha, naam, hata chura huzama akichoka katika chombo ambacho hakina pa kushika. Na mawe ya kupumzikia ndiyo humponda.

Chakula pia hapana. Siku ya safari na pengine siku iliyotangulia hupewa kidogo au hanyimwi kwa ubaya ila kwa kumsitiri, kwa sababu kinyesi chake kikichanganyika na unyevu hugeuka sumu katika nafasi ile ndogo. Wadudu walio hai nao humtambaa usiku kucha asipate kutulia. Nilipofika hapa nilimkumbuka binti yangu na konzi yake ya mchwa.

Kisha vikopo hupangwa ndani ya sanduku lile jeupe, jepesi, la kubebea samaki wa barafu, ambalo huzuia joto na baridi visipite upesi. Giza ndani yake humtuliza chura. Vyura wengi wa misitu ya joto hustahimili vyema nyuzi 20 hadi 25 hivi. Zikikaribia 30 huanza kutaabika. Kwa hivyo sanduku haliwekwi juani wala kwenye buti ya gari, na halifunguliwi kila baada ya saa moja ili kuona kama bado mzima. Ukifika, sanduku huachwa kwanza katika chumba chenye mwanga hafifu hadi joto la ndani na la nje lilingane, na mgeni hatiwi pamoja na wenyeji mpaka majuma kadhaa yapite bila dalili ya ugonjwa. Mashirika ya ndege yana kanuni zao za kimataifa za kubeba wanyama hai, lakini yote niliyotaja ni mambo ya kikopo na karatasi, si ya mashine.

Ujuzi huu kwa sehemu kubwa umekuzwa na watu wanaofuga vyura majumbani. Huko Ulaya na Marekani wako wanaoweka sebuleni sanduku la kioo lenye vyura wa sumu kutoka misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, wa buluu, wa manjano, wekundu kama pilipili. Baadhi ya jamii za Colombia zilipaka sumu ya aina chache za vyura hao kwenye mishale ya kupuliza. La ajabu ni kwamba chura huyo hajitengenezei sumu hiyo mwenyewe. Huipata kutokana na sisimizi na wadudu wengine wadogo anaowala msituni. Akizaliwa kifungoni na kulishwa nzi wa matunda, hana sumu yoyote. Biashara yao iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na chura wa Kihansi yuko katika orodha kali zaidi ya mkataba huo. Hapa Kenya nako usidhani unaweza kumwokota mnyama wa porini na kumfanya wako. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Nilimsomea binti yangu sehemu hiyo, akaniangalia kama kwamba nimemwambia nyanya yake anatafutwa na polisi.

Safari ya vyura wale 499 ilikuwa mwanzo tu wa taabu. Huko Marekani waligawanywa katika bustani kadhaa, na wengi walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa maradhi na kwa kukosa lishe iliyowafaa. Idadi yao ilishuka hadi chini ya mia moja. Bustani nyingine zilishindwa, zikabaki Bronx na ile ya Toledo katika jimbo la Ohio. Watunzaji walibadilisha taa, wakabadilisha chakula, wakatengeneza manyunyu ya bandia, na polepole watoto wa milimita tano wakaanza kuonekana kwenye majani.

Huku nyumbani mambo yalionekana kwenda vizuri zaidi. Bondeni Kihansi palitandazwa mabomba yenye vinyunyizio vilivyorusha maji laini kama yale ya zamani. Vyura waliobaki wakaongezeka, na Juni 2003 walikadiriwa kufikia karibu 20,000. Kisha katika miezi michache wakaanguka. Kufikia Januari 2004 hawakuonekana ila wachache wa kuhesabika kwa vidole, na baada ya 2005 hakuonekana hata mmoja. Mwaka wa 2009 walitangazwa rasmi kuwa wametoweka porini.

Mshukiwa mkubwa ni kuvu inayoshambulia ngozi za vyura, ambayo ilipatikana katika maiti zao. Wako pia wanaotaja dawa za wadudu zilizokuja na matope ya bwawa. Kuvu hiyo ina kisa chake. Ilielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka wa 1999, na chura aliyewasaidia wataalamu kuitambua alikuwa mmoja wa wale wa sumu wa rangi ya buluu, aliyefia katika bustani ya wanyama ya Washington. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2018 unaonyesha kwamba asili yake ni Asia ya Mashariki, na kwamba ilienezwa duniani na wanadamu waliokuwa wakihamisha vyura kwa biashara. Kwa hivyo mtu anaweza kumsafirisha chura salama salimini, bila mkwaruzo, na mzigo mbaya kuliko yote ukawa umejificha kwenye ngozi yake au kwenye soli ya kiatu chake mwenyewe. Ndiyo sababu maji na ukoka wa njiani havimwagwi mtaroni, na vikopo huoshwa kwa dawa au kutupwa.

Mlimba nilishuka na kutafuta pikipiki. Kijana aliyenichukua hakuwa na maneno mengi. Barabara ya udongo ilipita kati ya mashamba ya mpunga, na mlima ulikuwa juu yetu muda wote kama ukuta uliofunikwa kwa msitu. Nguzo za umeme zilituonyesha njia. Niliposikia mto, nilimwomba asimame.

Bondeni penyewe sikuingia. Huko huingii kwa kupenda, ni kwa kibali, na waingiao husafisha viatu kwa dawa kwanza. Nilikaa chini ya mti kando ya maji yaliyokwisha kupita mitamboni. Yalikuwa mengi na ya baridi. Juu kabisa, katika mkunjo wa mlima, palikuwa na msitu mzito na weupe kidogo ambao sikuweza kuhakikisha kama ni ukungu wa asubuhi au ni vile vinyunyizio.

"Umewahi kuwaona?" nilimuuliza kijana wa pikipiki.

"Vyura? Nawasikia tu redioni, kaka."

Vyura 100 walirudi Tanzania Agosti 2010, kutoka Bronx na Toledo. Hawakupelekwa bondeni moja kwa moja. Walikaa katika chumba maalumu kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uangalizi wa Watanzania waliokuwa wamejifunza kuwatunza, na wakaanza kuzaa. Kisha wachache waliwekwa ndani ya vizimba vya wavu kule kule Kihansi, wapate kuonja ukungu na wadudu wa pale, watu wakisubiri kuona kama kuvu itawarudia. Mwishoni mwa 2012 takriban 2,000 waliachiliwa katika manyunyu, na tangu hapo wengine wamefuata kwa mafungu. Haijawahi kutokea kabla yake kwa chura aliyetoweka porini kurudishwa hivyo kwao.

Usiku ule Mlimba, katika nyumba ya wageni, taa iliwaka hadi nilipoizima mwenyewe. Nilimkumbuka yule mama wa behewani, nikasikitika kwamba sikumuuliza kama sasa kwao zimefika.

Niliporejea Nairobi nilimweleza binti yangu yote: glavu, ukoka, giza, kutompa chakula. Alisikiliza akihesabu makosa yake kwa vidole. Alipofika la nne aliacha.

"Lakini wale waliorudi hawakuzaliwa Kihansi," alisema. "Walizaliwa New York, na mama zao pia. Walijuaje kwamba ni kwao?"

Nilimwambia kwamba pengine hawakujua. Walifunguliwa kikopo, wakakuta pana unyevu, wakaingia majanini.

Alifikiri kidogo. Likizo iliyofuata alikwenda Kakamega bila mkebe. Aliporudi, nyanya yake alitupigia simu kulalamika kwamba mtoto alikuwa akilala amechelewa kila siku, kwa sababu alikuwa akikaa nje na tochi chini ya mgomba.